Hukuuawa na Maneno ya Zaina

Mama,

Hitima imekwisha. Wanaume wamefunga misahafu, wanawake wamenyamaza, na masufuria ya wali bado hayajafunuliwa. Kaka yako, Mjomba Sufo, amenipa nafasi hii ndogo kati ya dua na chakula ili niwashukuru waliokuja katika arobaini yako. Nitawashukuru. Lakini nimechagua kuzungumza nawe kwanza, kwa sauti, mbele yao, kwa sababu yapo mambo ambayo watayavumilia zaidi wakiyasikia nikikwambia wewe kuliko nikiwaambia wao. Najua barua haifiki ulipo. Zinazofika ni dua, na hizo zimekwisha kusomwa. Hii nimekuandikia wewe ili ifike hapa uani.

Mama, yuko mtu mmoja ambaye leo hakuketi na wenzake. Ni Zaina, mkwe wako, mjane wa kaka yangu Sumaila. Amekaa nyuma ya jiko, amempakata mwanawe mdogo, na juu ya jicho lake kuna kidonda ambacho hakijafunga vizuri. Wanasema yeye ndiye aliyekuua. Wanasema alikwambia neno, neno likapandisha presha, presha ikakuondoa. Chakula kikishaliwa, Mjomba atasimama mbele ya watu hawa amwambie afungashe, awachukue watoto, arudi kwao Diaca. Na kwao Diaca ni kuta nyeusi zilizootwa na majani. Hakuna mtu wake huko aliye hai wa kumfungulia mlango.

Kwa hiyo nimesimama kueleza jinsi ulivyokufa. Nikishindwa, Zaina hatalala hapa leo.

Wengi waliokaa kwenye mikeka hii walikuwapo alfajiri ile mji wetu wa Mocímboa ulipovamiwa. Hawahitaji kusimuliwa. Nakukumbusha wewe tu. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimetoka Pemba, makao makuu ya jimbo letu, ninakofundisha, nimekuja kupumzika kwako. Risasi zilianzia upande wa barabara kubwa. Ulikuwa umeshika birika la udhu, ukasema, "Hawa wanaopigilia mabati hawasali?" Kisha tukasikia watu wakilia, na birika likakuponyoka.

Wale wa porini walikuwa wameufikia mtaa wetu kabla hatujavaa viatu. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, walimkuta mlangoni. Tulipopita, mwili wake ulikuwa upande huu wa kizingiti na kichwa upande ule, na futi yake ya kupimia nguo imelala katikati, imelowa. Nilisimama. Uliniburura kwa nywele, Mama. Hukunishika mkono, ulinishika nywele, ukanivuta kama mbuzi anayekataa kamba, na ndiyo maana ninaishi. Nyumba ya yule mzee wa kona iliungua naye ndani, akiita majina ya wanawe mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya jina ambalo hakulimaliza.

Tulijificha katika mikoko, tope likitufika kifuani. Palikuwa na mama mmoja kijana na mtoto mchanga aliyekuwa anaanza kulia, na mama yule alikuwa amemkandamiza mdomo kwa kiganja, naye mwenyewe amefumba macho asione anachokifanya. Ulimtoa mtoto mikononi mwake. Ulimpa titi lako lililokauka zamani. Akanyonya hewa, akanyamaza, na wale watu wakapita ukingoni juu yetu wakicheka. Nilikuwa nimekuegemea mgongoni, na kupitia nguo zilizolowa nilisikia moyo wako ukigonga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia katika mwili wa mtu.

Nasema mbele ya watu hawa kwamba hesabu ya kifo chako inaanzia pale, kwenye tope.

Tulikwenda Pemba. Katika nyumba ya binamu yako watu walikuwa wengi kuliko mikeka, tukalala kwa kupokezana ubavu. Ulikuwa hulali. Kila kishindo kwenye bati kilikuinua, na ukishainuka ulikaa ukihesabu vichwa vya watoto kwa kidole. Asubuhi ulikuwa na macho mekundu na maneno mafupi. Nilikupeleka kituo cha afya kwa sababu ya kidonda cha mguu. Nesi akakufunga kile kitambaa cha mkono, akatazama mashine, akakufunga tena.

"Mama, tensão yako iko juu sana," alisema, kwa neno lile la Kireno ambalo hospitalini kwetu ndilo jina la presha. "Umekuwa ukiumwa?"

"Siumwi kitu. Nimechoka tu."

"Hiyo ndiyo tabia yake. Haiumi."

Alikueleza kwa upole, nami nikayaweka maneno yake kichwani. Alisema damu inakwenda kwa kuupiga ukuta wa mshipa, na kwako ilikuwa inaupiga kama watu wanaotaka kuuvunja mlango; mlango unaweza kuhimili miaka, na nje hutaona ufa. Alikuuliza unakula nini. Ukamtajia. Akakwambia upunguze chumvi. Nawe, mbele ya foleni nzima, ukatoa sauti yako ile ya sokoni: "Hata mbuzi wanawekewa chumvi walambe, mimi ninyimwe? Nimemkosea nani?" Watu wakacheka. Nesi akajibu bila kuinua kichwa: "Mbuzi halei wajukuu, mama." Wakacheka zaidi, na wewe ndiye uliyecheka mwisho.

Lakini hebu tuseme ukweli juu ya chumvi, kwa maana wapo wanaodhani ilikuwa ulafi wako.

Kabla ya vita ulikuwa mwanamke wa miguu. Ulikwenda shambani na kurudi na mzigo kichwani, na maji yakikupwa ulikwenda na wenzako kutanda dagaa kwa nguo, ukarudi umelowa, unaimba. Ulikula samaki wa siku ile kwa nazi, kisamvu kwa karanga, muhogo wa kuchemsha, papai la uani. Vita vilikunyang'anya vyote hivyo kwa asubuhi moja. Pemba hukuwa na shamba la kwenda, wala pwani yako, wala wenzako. Ulikaa kwenye kigoda kutwa nzima kama mzigo ulioachwa kituoni. Tulipewa mchele wa msaada, mafuta na maharage. Samaki mbichi alikuwa wa watu wenye mshahara, na mshahara wangu uligawanywa kwa vinywa vingi. Basi tulinunua ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akashindiliwa chumvi na kuanikwa, kwa sababu kipande chake kimoja kidogo kinaweza kushusha sinia zima la wali. Tulinunua vidonge vya kaldo, vile vya kuyafanya maji yanukie nyama. Asiyekuwa na kitoweo hufanya chumvi kuwa kitoweo. Chai ilikuwa na sukari nyingi kwa sababu mara nyingine ilikuwa ndiyo chakula chenyewe. Hukuwa mlafi, Mama. Ulikuwa mtu aliyefukuzwa kwake.

Na hata hivyo ulijitahidi. Vidonge ulivimeza kila asubuhi, ukanitolea ulimi nione kuwa umemeza, kama mtoto anayemfanyia mwalimu kejeli. Presha ilishuka. Nesi alifurahi. Uliporudi Mocímboa, baada ya Sumaila kuisimamisha tena nyumba hii kwa miti na udongo, ulirudi ukitembea vizuri, na dawa zako zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Sasa nafika kwa kaka yangu Sumaila. Nivumilieni.

Sumaila na Zaina walikwenda Diaca kuchimba muhogo katika shamba la wazazi wake Zaina. Watu walisema njia imetulia. Zaina alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji alipomsikia mumewe akipiga kelele. Hakumwita jina. Alisema, "Usije!" Alilisema neno hilo mara nyingi, Mama, na kila mara lilikuwa dogo zaidi. Zaina alilala katika matete, maji puani, mpaka ukimya ulipokuwa mrefu. Alipopanda alimkuta kati ya matuta. Walianza na mikono yake. Alikuwa ameiinua kuukinga uso, ndivyo Zaina alivyoelewa, kwa hiyo panga lilikutana na mikono kwanza, kisha likapata lilichokuwa linakitafuta. Zaina alimkusanya. Sina neno jingine. Alimkusanya mumewe katika kanga yake mwenyewe, akamfunika kwa majani ya muhogo, akaenda barabarani nusu uchi kutafuta watu wa kumbeba.

Walimleta mjini kwa gari la mkaa. Na hapo ndipo ukoo wetu ulipofanya jambo ambalo kila mtu aliyekaa hapa angelifanya.

Kwetu mtu wa presha haambiwi msiba. Hakuna aliyetufundisha, tumelikuta. Jirani akifiwa, tunapita mbali na mlango wa mwenye presha. Redio inazimwa. Simu zinapokewa nje. Mjomba aliwaita wakubwa barazani kwake akasema, "Dada akisikia, tutazika wawili." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Aliamuru uambiwe kwamba Sumaila amepata kazi kisiwani Vamizi, ya kulinda nyumba za wageni, na kwamba huko simu haishiki. Mimi niliambiwa kwa simu nikiwa Pemba, pamoja na agizo hilo, nikalifuata kama wenzangu.

Jeneza la mwanao lilipita hapo mbele, kwenye njia hii, wakati wa alasiri. Ulikuwa umekaa kibarazani unachambua mchele. Ulisimama kwa heshima, ukauliza, "Nani huyo?" Mama mdogo Atija, mdogo wako wa kuzaliwa naye, akakujibu, "Msafiri tu, dada. Mtu wa Palma." Nawe ukasema, "Mungu amrehemu, na mama yake apewe subira."

Halafu ukaketi, ukaendelea kuchambua mchele.

Zaina alikatazwa eda. Alikatazwa nguo ya msiba. Alifundishwa kusema "akirudi" na "akipiga simu." Mtu mmoja wa nyumba hii alimwambia, "Ukitaka kulia, chooni kupo." Akawa mjane wa kujificha, anakukorogea uji huku anatabasamu, na wewe ukamtania kwamba amenenepa mashavu tangu mumewe aende, labda ndiye aliyemfukuza. Alicheka, Mama. Fikirini, jamani, kicheko kile kilitoka wapi.

Na sisi tuliokuwa tunakulinda, tulikulinda na nini? Sikilizeni hapa kwa makini, kwa maana hapa ndipo ulipouawa.

Ulipotaka kwenda sokoni tulisema jua kali. Ulipotaka kwenda shambani tulisema utaanguka. Ulipotaka kwenda kutanda dagaa na wenzako tulisema wewe ni mgonjwa. Kweli yake ni kwamba kila njia ilikuwa na mtu wa kukupa pole. Tukakufungia uani. Kisha dawa zikaisha. Na foleni ya kituo cha afya, kama mnavyojua, ndiko wanawake wa mji huu wote wanakokaa asubuhi nzima, wanapeana pole na kuulizana nani amekufa. Mjomba akasema, "Asipelekwe kule. Mtu mmoja tu akimshika mkono, tumemuua." Zaina akaomba dawa kwa niaba yako, nesi wa hapa akakataa, akasema hawezi kutoa vidonge bila kuufunga mkono wa mwenyewe. Ulipouliza dawa, nawe uliulizwa: "Kichwa kinauma?" Ukasema hakiumi. "Basi umepona."

Haiumi. Alishasema yule nesi wa Pemba. Hiyo ndiyo tabia yake.

Badala ya dawa tulikuletea mapenzi. Kila aliyeingia na uongo aliingia na kitu mkononi cha kuusindikiza: ng'onda wa kukaanga, achari ya maembe, mandazi, chai iliyokolea sukari. "Mpeni anachotaka, asiwe na huzuni." Tulikuwa tumeziba kila tundu ambamo neno lingeweza kupita, na kwenye sinia tukakuwekea kile ambacho nesi alikikataza kwa kinywa chake. Na hukuwa na raha hata hivyo! Ulipiga simu ya Sumaila asubuhi, mchana na jioni, mashine ikikujibu kwa Kireno kwamba mtu huyu hapatikani, na wewe ukaigombeza mashine: "Mwambie mama yake anamtafuta!" Ulikuwa huli bila kuuliza, hulali bila kuuliza. Mnadhani damu ya mama haijui? Mnadhani mtu akifichwa jambo na nyumba nzima, kila mtu akinyamaza yeye anapoingia, mwili wake unapumzika?

Ndipo ilipofika asubuhi ile mnayoiita asubuhi ya kosa la Zaina.

Hamkuwapo. Nitasema kama Mama mwenyewe alivyonisimulia kwa simu siku ile ile, na kama Zaina alivyosema baadaye, kwa maana maneno yao yanalingana. Ulikuwa na hasira, Mama. Ulisema Sumaila amekutupa. Ulisema umemnyonyesha, umemkimbiza vita viwili mgongoni na mkononi, na sasa ameonja mshahara wa kisiwani amesahau kwao. Ukasimama uani, ukaelekea kibla, ukainua mikono, ukasema, "Kama yu hai na hanitafuti, basi radhi yangu mimi..."

Zaina aliirukia mikono yako akaishusha. "Mama, usiseme! Usimfunge! Yuko kaburini, Mama, yuko kaburini, usimnyime radhi maiti!"

Hilo ndilo neno lake. Hakuropoka. Hakukuwa na fitina. Mke alimzuia mama asimnyime radhi mume aliyelala chini ya udongo bila mikono ya kujitetea. Nani kati yetu, mwenye imani, angeziba masikio aiache radhi ile ikatike? Shehe yupo hapa. Ajibu moyoni mwake.

Ulianguka magoti, ukalia mpaka majirani wakaja. Kisha ukafanya mambo ambayo mtu aliyeuawa hayafanyi. Ulimpa Sumaila radhi, kwa sauti, kwa jina lake na jina la baba yake. Ukamwambia Zaina avue nguo za rangi, ukamkalisha eda wewe mwenyewe, chumbani mwako. Ukatembea kwa miguu yako mpaka kaburini. Na alasiri ukanipigia. Sauti yako ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa sauti yako, ile ya kabla ya uongo. Ulisema, "Anifa, leo nimemzika mwanangu." Kisha: "Mmenifanya mjinga nyumbani mwangu." Na baadaye kidogo, kwa upole: "Lakini usiku huu nitalala, nafikiri."

Sisemi neno lile halikukuumiza. Lilikuumiza kama panga. Nasema tu kwamba mikorosho ilikuwa inatoa maua ulipoambiwa, na ulipoanguka korosho zilikuwa zimekwisha kuokotwa na kuuzwa. Katikati uliishi. Ulirudi kwenye foleni ya kituo cha afya, ukapokea pole zako zote ulizocheleweshewa. Nesi alipokupima alimwita mwenzake aje aitazame mashine. Akauliza, "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Dawa ulipewa chache, maana magari yaliyokuwa yanazileta hayakuwa yanafika sawasawa, wiki zilipatikana, wiki zikakosekana. Ulianza tena kutembea asubuhi. Ng'onda ukamwachia paka. Ulikuwa unaujenga ukuta, lakini ufa ulikuwa umeshafika juu.

Ulikuwa unawamwagia wajukuu maji ya kuoga. Kata ikakutoka mkononi. Mtoto mkubwa wa Zaina anasema ulitaka kuiokota na mkono haukukutii, ukautazama mkono ule kama si wako, kisha mdomo ukaenda upande. Ni Zaina aliyekubeba. Mwili wake mdogo ule ulikubeba mgongoni mpaka barabarani, akasimama mbele ya gari kwa nguvu mpaka likakubali kusimama. Ulikata roho kabla jua halijazama, kichwa chako mapajani mwake. Nesi akasema kiharusi. Akasema, "Hili halikuanza jana. Mishipa hii imepigwa miaka."

Nilifika siku ya pili, maji ya kukuosha yakiwa jikoni. Nilikuta kelele, nikadhani ni kilio. Nikakuta Mama mdogo Atija ameinua mchi wa kutwangia. Damu ilikuwa inamtiririka Zaina kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni, wanawake wawili wamemshika nywele, na mwingine anamshindilia majivu ya moto mdomoni akisema, "Ulimuua kwa mdomo, tutauziba mdomo!" Watoto wake walikuwa wamesimama wanatazama, hawakulia, ni watoto wa vita, wamejifunza kutolia. Niliingia katikati. Mchi ulinipata begani, na bega hili siliinui vizuri mpaka leo. Mama, niliwatambua wote. Ni watu tuliokaa nao kwenye tope. Watu waliokimbia panga walishika mchi.

Siwalaumu kuliko wanavyostahili. Mama mdogo alikuwa amempoteza dada, na mkono ulihitaji mtu wa kumpiga. Wale waliomkata Sumaila wako mbali, wana bunduki. Waliochoma mji na kufunga njia ya dawa wako mbali. Umaskini hauna kichwa cha kupigwa mchi. Zaina alikuwa karibu.

Lakini ikiwa tutamfukuza mjane huyu, tutakuwa tumejifunza kwamba presha ni neno, na kwamba aliyenyamaza ni msafi. Na Mjomba Sufo, kipenzi chako, anayo presha hiyo hiyo, Mama. Leo asubuhi alimeza kidonge kwa sababu kichwa kilimuuma. Jana hakumeza kwa sababu hakikumuuma. Anatia chumvi kwenye sinia kabla hajaonja. Nyumba nzima inamwendea kwa kunyata. Ninamwona anafungwa uani kama ulivyofungwa wewe, kwa mapenzi yale yale, na sitaki kusimama tena mahali hapa kabla ya wali kufunuliwa.

Mjomba, nisamehe kwa kukutaja. Nakutaja kwa sababu nakutaka uzeeke.

Mama, ahadi yangu ni hii, na watu hawa ni mashahidi. Zaina hatatoka katika nyumba hii isipokuwa kwa hiari yake. Akitolewa leo, natoka naye, na watoto wa Sumaila watalala kwangu Pemba, na ukoo huu usiniite tena kuushukuru kwa niaba ya maiti. Jumatatu, kabla jua halijawa kali, nitamshika Mjomba mkono mpaka kwenye foleni ile; akikataa, nitakaa mlangoni pake mpaka aone haya. Na siku ikinifika mimi, maana ni damu yako hii, sitaki kufichwa msiba wangu. Niambiwe, nikae na wenzangu, nilie, kisha nipelekwe nikapimwe.

Nawashukuru wote mliokuja, mliopika, mliosoma, mliochimba kaburi. Mungu awalipe.

Kwaheri, mzazi wangu. Tukijaliwa tutaonana mahali ambapo hakuna anayefichwa kitu. Nenda na radhi ya wanao, kama ulivyompa mwanao radhi yako.

Sasa naikunja karatasi hii, na naomba masufuria yasubiri kidogo. Nakwenda nyuma ya jiko kumchukua Zaina. Nitamkalisha hapa katikati, kwenye mkeka wa wafiwa, ambao hakuupata kwa mumewe na hakuupata kwako. Anayeamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yangu, abaki alipokaa. Aliyesikia jinsi mama yangu alivyokufa, aje amshike mkono, ampe pole.